Mashine Yangu Ilisoma Moja Ikaiita Saba

Nilimfanya mjomba wangu mwizi wa ng'ombe. Ni mimi, wala sitafuti wa kumsingizia! Naficha jina kwa sababu hapa Bariadi nafahamika.

Nilibeba zege Mwanza nikajisomesha mpaka diploma ya kompyuta. Hakuna aliyeninunulia hata kalamu. Niliporudi kijijini nikatengeneza programu ya kusoma tarakimu za mkono: unapiga picha daftari la josho, pale wanapoogeshwa ng'ombe, inakutajia namba ya hereni ya kila ng'ombe na mwenye ng'ombe. Walinivulia kofia!

Ndipo jirani akadai kuwa mtamba mwenye hereni 311, aliyekuwa zizini kwa mjomba, ni wake. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaitisha mkutano, nami nikaitwa na simu yangu. Nikapiga picha mstari wa mjomba. Programu ikasoma 377, maana yake 311 si wake.

"Hiyo ni 311," akasema karani wa josho, mzee aliyeliandika daftari lile. "Moja yangu ina mkia juu. Saba huwa naikata tumbo kwa kistari."

"Babu, tafuta miwani! Mashine haizeeki macho," nikamjibu.

Watu wakacheka.

Wakamchukua mtamba, na mjomba akatengwa. Asisalimiwe, asiazimwe jembe, msiba wake usihudhuriwe.

Msimu haukuisha, mkewe akafariki. Hakuja mtu! Kaburi tulichimba wawili, mimi na mjomba, kwenye udongo mkavu.

Niliporudi nikaifungua ile programu. Aibu! Niliifundisha kwa tarakimu za wageni nilizopakua mtandaoni. Moja yao ni kijiti kitupu, saba yao haikatwi tumbo. Mwandiko wa kwetu sikuupa hata ukurasa mmoja. Tena programu yenyewe ilisitasita, nusu saba, nusu moja. Mimi ndiye niliyeuficha wasiwasi wake usionekane kwenye simu, nisije nikadharauliwa!

Nilikiri mkutanoni. Mtamba akarudishwa, na salamu pia. "Mwangaluka, mzee," wakamwamkia mjomba. Hakuitikia. Akanigeukia mimi.

"Siku huyu mtamba anavishwa hereni, nani alimshika shingo zizini kwangu?"

Nilikuwa mimi! Wiki ile ile niliyorudi. Siku ya mkutano sikwenda hata kumtazama ng'ombe mwenyewe, ambaye ningemtambua.

Wewe unayejivunia mashine yako, kabla hujaipeleka mbele ya watu, mpe karani kalamu. Mwambie aandike moja, kisha saba. Halafu nyamaza, uangalie mkono wake.