Milio Mitatu ya Makarius

Katika chumba cha simu pale Kilosa, miaka ile ambapo kila mkutano ulikuwa wa Ujamaa, palikuwa na kibao chekundu kilichoandikwa MATENGENEZO. Mwenye kukitundika alikuwa Costancia, binti wa Mzee Donati wa Kisanga. Mdomo wake haukujua kupumzika, na nadhani ndiyo maana walimpa kazi ya swichibodi, ya kuunganisha simu za watu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Laini ya Mikumi ikiwa na shida, fundi huchomeka simu yake ya kupimia juu ya nguzo na kupiga mlio mmoja mrefu: hatari, nisaidieni. Akitaka tu kushughulika na nyaya, hupiga mitatu mifupi. Hapo Costancia hutundika kibao, na tangu hapo kengele ilie isilie hakuna wa kuijali, maana fundi akigusa nyaya kengele hupiga kelele za bure. Akimaliza kazi hupiga miwili mirefu, kibao kinashuka.

Fundi alikuwa Makarius, mchumba wa Costancia, kijana mtanashati na mvivu asiye na haya. Kila siku ya shamba la kijiji, wenzake wakishika majembe, milio mitatu hiyo! Nani atampa jembe mtu aliye kwenye matengenezo? Costancia alijua fika kwamba laini ni nzima, lakini alicheka na kutundika kibao. Mapenzi, bwana.

Hadi ile Jumamosi. Makarius aliahidi kwenda Kisanga kupeleka posa. Mara mbili alikwisha kuahirisha kwa kumwogopa Mzee Donati, katekista wa misheni mwenye jicho kali. Safari hii kuku walikwisha kuchinjwa, na mzee alisema wazi kwamba kijana asipotokea leo, uchumba umekufa. Asubuhi kengele ya Mikumi ikalia. Mitatu, mifupi.

"Matengenezo?" Costancia akakiuliza kibao. "Leo natengenezwa mimi?"

Hasira zikampanda hadi machozi yakamtoka. Ujanja aliokuwa akiusaidia kwa kicheko, leo umemgeukia mwenyewe! Akakitundika kibao kwa nguvu hadi msumari ukapinda.

Punde ukaja mlio mrefu. Ukaja tena. Kwa utaratibu hakupaswa hata kugeuza shingo, na hakugeuza. Akachonga penseli. Lakini mlio ule ulikuwa wa mtu anayetetemeka, na moyo ukamshinda. Akachomeka waya.

"Kosta! Nyati! Yuko chini ya nguzo! Baiskeli yangu ameshaikanyaga!"

"Ah, pole na matengenezo."

"Kosta, nakufa!"

"Usife kwanza. Subiri."

Akamwacha juu huko, akapiga simu moja fupi kwingine, kisha akaiunganisha laini ya Mikumi na simu ya misheni ya Kisanga, ambako baba yake alikuwa akimngoja mkwe.

"Haya, sema na baba."

"Shikamoo, baba," sauti ya Makarius ikatoka nyembamba.

"Marahaba. Uko wapi, kijana?"

"Niko... juu kidogo, baba."

"Juu wapi?"

Nyati akaipiga nguzo pembe. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Makarius ilikuwa na urefu wa nguzo moja.

"Baba, naomba kumwoa Costancia! Kesho nitakuja na wajomba! Na mbuzi! Na shamba la kijiji nitalima, wallahi nitalima!"



"La shamba sikukuuliza," akasema Mzee Donati. "Lakini nimelisikia. Njoo kesho."

Baadaye askari wa mbuga wakafika, wakamfukuza nyati kwa risasi ya hewani. Milio miwili mirefu ikaingia Kilosa. Costancia akakishusha kibao mbio mbio, maana aliogopa kuliko alivyojionyesha.

Siku ya harusi alikuja Lemayan, mkubwa wa wale askari. Akala pilau akashiba, akamwinamia bwana harusi.

"Shemeji alitupigia mapema sana siku ile, hata kabla hujaongea na mkweo. Tena akatuambia tusije mbio, nyati hapandi nguzo."

Makarius akaacha kutafuna. Akamgeukia mkewe. "Kumbe?"

Costancia akagonga meza mara tatu, upesi upesi, akaendelea kula.