Dawa Isiyotajwa kwa Sauti

Nesi wa wodi ya saratani huigonga chupa ya dripu mara mbili kwa ukucha, kama anayechagua tikiti maji sokoni Mukuyuni, kisha humwinamia Mutanu na kumnong'oneza jina la dawa. Kunong'ona tu. Saratani ya damu ya Mutanu iliizoea dawa ya kwanza, jinsi wadudu wa ndengu wanavyoizoea dawa ya ghalani, na nesi hataki hii mpya ipatwe na yayo hayo. "Ukiitaja kwa sauti, hao wadudu wako watajipanga," humwonya, bila hata chembe ya tabasamu. Daktari mwenyewe akithubutu kuitaja, hukanyagwa kiatu. Mutanu hucheka mpaka asahau kichefuchefu.

Lakini Jumanne ile majibu ya damu yalipofika, nesi aliyasoma akiwa amempa mgongo. Akayasoma tena. Mutanu akaung'ang'ania ukingo wa shuka. Ndipo yule mama wa minong'ono alipovuta pumzi na kulitaja jina la dawa kwa kelele, lote, hadi wagonjwa wa wodi ya pili wakaketi vitandani.

"Sista, si wadudu watasikia?"

"Nani? Amebaki nani wa kusikia?"