Mudogo Wangu Aliandikisha Kazi Yangu ku TVA na Jina Yake, Leo Anataka Nisaini

Admin, ukiposte hii, toa jina yangu kabisa. Ku Katuba bantu banajuana.

Niko mwanamuke wa miaka makumi ine na moja, mujane, niko na batoto batatu. Ninatumika kazi ya kufula manguo ya kazi ya bantu ya mine, benye banachimba shaba. Nilianzaka na basani mbili ya kufulia mu parcelle, kiwanja ya nyumba ya mama. Ile udongo ya mine haitoke na sabuni ya kawaida, ilinikula vidole mpaka damu. Pole pole nikapata mashini moja, kisha ingine. Leo tuko bamama sita mu atelier yetu ya kufulia, ku njia ya Luano.

Sikusoma mingi. Papa, baba yetu, alikufa nikiwa mu ya sita primaire, na mi njo nilikuwa mukubwa. Mwenye alisoma ni mudogo wangu, nitamuita Papi. Mama aliuzisha samaki ya kukauka ya Pweto, mi nikafula, Papi akamaliza université mu mambo ya impôts, kodi ya serikali. Siku alivaa toge ya kumaliza masomo nililia kupita mama. Kwa hiyo musishangae na hasira yenye niko nayo.

Miaka mbili imepita, kampuni moja kubwa ilipenda kazi yetu. Chef wao akaniambia: «Mama, munafula muzuri, lakini contrat siwezi kukupa. Leta fakture yenye TVA. Kama haukujiandikisha ku impôts, sisi hatuna namna.» Kwa wenye hawajue, fakture ni karatasi ya kudai malipo, na TVA ni taxe, kodi yenye client analipa juu ya kazi umemufanyia. We unaishika tu, kisha kila mwezi unaipeleka ku serikali. Haiko franga yako.

Nikamuita Papi; mi ananiitaka yaya, dada yake mukubwa. Akacheka. «Yaya, tulia. Si njo nilisomea? Nipe karatasi yote ya atelier, mi nitafanya.» Nilimupa farde muzima yenye karatasi yote. Kisha wiki tatu akarudi na karatasi yenye cachet, muhuri ya serikali. Mama akapiga kigelegele. Mi sikusoma jina. Nani anasomaka karatasi yenye ndugu yake amemuletea?

Tukapata contrat. Kila mwezi Papi alikuwa anachukua mafakture na franga ya TVA, anasema anaenda kudeclarer, ni kusema kuonyesha impôts hesabu yetu na kulipa. Mwezi moja akawa Kasumbalesa, kule ku mupaka, wiki muzima, telefone yake imefungwa, na tarehe ya kudeclarer ilikuwa inakaribia. Nikavaa kitenge yangu ya misa, nikaenda mi mwenyewe ku biro ya impôts. Mama moja wa kazi, mwenye alikuwa ku guichet, dirisha ya kupokea bantu, akaangalia ordinateur, kompyuta yake, akaniangalia.

«Mama, we uko nani mu hii kazi?»

«Niko mwenyewe wa kazi.»

«Mwenyewe ni papa moja.» Akasoma majina yote tatu ya Papi. «We jina yako haiko fasi yoyote.»

Nikamulomba asome tena. Akasoma tena. Nikatoka na mafakture yangu mu mukono, sikuona hata njia.

Papi aliporudi, nilimungojea ku atelier. Hata haya hakuona. «Yaya, we Kifaransa haujue muzuri. Inspecteur akikuuliza, utajibia nini? Nilikulinda. We unafula, mi ninashika karatasi, kila muntu na kazi yake.»

Nilimupiga kofi. Sifiche. Nilimupiga mbele ya bamama yote, na mpaka leo sijute. Mama yetu aliposikia, akanigombeza mi: «Umepiga mutoto wangu juu ya karatasi?» Mutoto wake! Na mi niko nani, basani?

Kuanzia pale hatukusemeshana, lakini mafakture na franga ya TVA iliendelea kwenda kwake, juu karatasi ilikuwa na jina yake. Niliendelea kutumika juu ya bale bamama tano, beko na batoto ya kulisha kama mi. Sasa, siku ya mungu yenye imepita, kisha misa, Papi akafika kwangu na mama. Akaweka karatasi ku meza. «Yaya, nimefikiri. Nilikukosea. Atelier, mashini, contrat, yote inarudi na jina yako. Saini hapa tu.» Mama akaanza kuimba. Na mi mujinga, machozi ikanitoka. Karibu nishike bic ya kusaini. Lakini nikasema hapana, mara hii nitasomesha kwanza.

Kesho yake nikarudi kwa ule mama wa guichet. Akasoma yote mpaka chini. Kisha akasema pole pole: «Sina ruhusa ya kukuambia mingi. Lakini muulize ndugu yako kama alishapeleka TVA hata mwezi moja. Na umuulize barua ya contrôle yenye alipata, kama banakuya kukagua atelier.»

Nikamuuliza. Papi akapiga magoti. TVA yote yenye client alilipa, alijengea nyumba Kasumbalesa. «Yaya, mi banaweza kunifunga. We uko mujane, batakuhurumia.»

Batakuhurumia! Muntu mwenye nilimulipia masomo na ngozi ya vidole yangu, amehesabia na ujane yangu. Na mama, mbele ya Papi, akaniambia: «Ukimuacha afungwe, usikuye ku maziko yangu.»

Nikisaini, ninakuwa mwenyewe wa kazi yangu, na wa deni ya mwizi. Nikikataa, batafunga atelier juu iko na jina yake, na sisi bamama sita tutarudia basani. Iko na njia ya tatu: niende ku impôts na mafakture yote, niseme kila kitu, kisha nianze upya na jina yangu. Lakini pale nitakuwa nimemupeleka Papi ku buloko, gereza, na mukono yangu.

Bakontroleri banakuya siku ya ine ya wiki hii. Mama amelala kwangu, anakataa kula mpaka nisaini. Ninyi wenye mulishapita mu mambo kama hii, muniambie bila kunihurumia, juu huruma nimeshachoka nayo: nisaini, ao niende nimushitaki mutoto wa mama yangu?