Kishikwambi Nilichokidharau

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Chang'ombe ambayo kila nikiikumbuka naona aibu. Wakati huo nilikuwa sijafika arobaini, nina duka langu la stesheneri, na kichwa kimenivimba kwa sababu ya kompyuta moja kubwa ya mezani.

Akaingia Neema, binti aliyetoka Kibaigwa, aliyekuwa akishona magunia ya mahindi kwenye soko la mtaani kwetu. Akaniamkia vizuri, akatoa kishikwambi chenye kibodi ndogo. Barua yake ya kuomba chuo cha uuguzi ameiandika humo, vyeti amevipiga picha humo, kila kitu tayari. Bando tu ndilo lililomwishia, na maombi yalikuwa yanafungwa saa sita mchana siku ile ile. Aliniomba intaneti ya dakika tano.

Mimi nikacheka. "Hicho ni cha kuangalizia katuni, binti. Barua ya chuo inaandikwa kwenye kompyuta. Kaa hapo."

Nikaanza kuichapa barua upya, neno kwa neno, najidai kweli kweli. Alitaka kusema kitu, akanyamaza. Nilikuwa mkubwa kwake, na kwao mkubwa habishiwi. Nilipofika aya ya mwisho umeme ukakatika mtaa mzima. Barua ikapotea, na intaneti nayo ikazima. Nikamwambia tusubiri, utarudi sasa hivi. Ulirudi saa nane.

Neema alirudi kushona magunia mwaka mzima. Mwaka uliofuata akapita kunisalimia. Safari hii alikuwa ametuma maombi mwenyewe, kwa kishikwambi kile kile, na chuo kimempokea. Akaniambia taratibu, "Mama, siku ile nilinyamaza kwa heshima tu." Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nakuambia haya kwa sababu juzi nilikuona unaficha kishikwambi chako wenzako walipofungua laptop zao. Usikifiche, mwanangu. Kitafutie kibodi, panga mafaili yako, kiweke chaji kabla hujatoka, na kila unachoandika kiwe na nakala mahali pengine. Kazi ikiwa nzuri, nani atauliza umeiandikia wapi? Na mtu mzima kama mimi akikuzuia kwa kutojua kwake, mwamkie, mheshimu, kisha mwambie, "Samahani mama, muda wangu unakwisha." Kusema hivyo si utovu wa adabu.

Mungu akufungulie milango, mwanangu, na asiruhusu mtu akupotezee mwaka kama mimi nilivyompotezea mtoto wa watu.