Blakjeki ya Phelista

Ukitaka kumkasirisha Phelista Nasambu, mwambie kwamba blakjeki ni bahati tu. Atasimamisha cherehani, atakuangalia juu ya miwani, na utajuta kufungua mdomo. Nimekaa naye miaka mingi kwenye veranda ya duka la vitambaa la Mzee Kartar, hapa Kitale. Yeye anashona sare za shule, mimi natengeneza vitundu vya vifungo. Ni mwanamke wa kanisa la Friends, huimba safu ya mbele, na alikuwa na tabia ya kuwanyang'anya vijana karata pale stendi na kuzitupa mtaroni. Kama mtu angeniambia kwamba huyu ataketi mbele ya kompyuta kucheza kadi na watu wa ng'ambo, ningemwuliza amekunywa nini.

Lakini aliketi. Ilikuwa mwaka wa 2006, na sababu ilikuwa mgomba.

Phelista ana kaka, Wekoye, aliyepelekwa Amerika kusoma wakati sisi bado ni wasichana. Baba yao aliuza shamba la mtoni ili apande ndege. Barua zilikuja, zikapungua, zikakatika. Baba akafa, Wekoye hakuja wala hakutuma neno. Sasa kwetu Bungoma mtu hawezi kupotea hivyo na kuachwa akining'inia kati ya walio hai na waliokufa. Siku inafika ukoo unakata shina la mgomba, unalifunga shuka, unalilia, na kulizika mahali pake. Baada ya hapo amekufa. Hata akirudi kwa miguu yake, watu watamkimbia kama mzimu mpaka kondoo achinjwe na wazee waseme maneno yao.

Baba mdogo wao, Mukhwana, alikuwa ameamua katika kikao cha ukoo kwamba mgomba utazikwa Desemba, mahindi yakishavunwa na watu wote wakiwa nyumbani Kamukuywa. Mama yao, Nasike, hakubishana. Alisema jambo moja tu: wakimletea sauti ya Wekoye, atakataa mgomba usizikwe, wasipoileta, hatawazuia. Phelista aliporudi Kitale baada ya kikao hicho alishona kola nyuma mbele, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya.

Basi Mungu naye ana njia zake. Siku moja alikuja mteja, Kemboi wa kule Kwanza, aliyekuwa likizo kutoka Amerika, kuwatafutia watoto wake sare. Akiwa anangoja, alimsikia Phelista akinisimulia mambo ya mgomba, akauliza jina la huyo kaka. Kumbe alikuwa amefanya naye kazi katika ghala moja huko! Lakini hakuwa na namba yake, na walikuwa wameachana zamani. Phelista alitaka kujua kama Wekoye ni mgonjwa, ama amefungwa, ama ameoa mtu mbaya.

"Hapana, mama," Kemboi akasema. "Huyo mtu ana haya tu. Ati hakumaliza shule, na mzee aliuza shamba. Sasa atarudi na nini?"

Halafu akaongeza jambo alilolitaja kama mzaha. Wekoye alikuwa akitoka kazi ya usiku, anaketi kwenye kompyuta kucheza blakjeki, si ya pesa, ile ya kujifurahisha, na watu wa dunia nzima. Hakuongea na mtu. Na pale mezani alikuwa amejiita Kamukuywa.

Niliposikia hivyo nywele zilinisimama. Mtu anakimbia nyumbani miaka yote hiyo, hapigi simu, haandiki, halafu akiulizwa jina anasema Kamukuywa. Phelista alivua tepu ya kupimia shingoni, akaikunja, akaingia dukani.

Nyuma ya duka, mjukuu wa Kartar, Amandeep, alikuwa amefungua saiba, chumba cha intaneti cha kompyuta nne. Binti yule amezaliwa Kitale na Kiswahili chake ni cha Kitale. Aliutafuta ule mchezo, akaufungua, akatuonyesha. Meza ya kijani, nusu duara, ina viti vitano, na kila kiti kina jina la mtu. Mmoja yuko Brazili, mwingine Uchina, wote wameketi pamoja wala hakuna anayemkanyaga mwenzake. Nilijikuta nimevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Amandeep alicheka lakini mimi sikucheka.

Shida ni kwamba huwezi kuketi pale bure na kutazama, wala kuandikia watu, kama huchezi. Unapewa vidonge vya mchezo, vile vya kuwekea dau, asubuhi, na vikiisha unatolewa mezani mpaka kesho yake. Phelista alitolewa kabla chai haijapoa.

Na kosa lake lilikuwa la nyumbani kabisa. Kwenye kadi yetu ya kijijini, ile aliyoicheza na Wekoye jikoni baba yao akiwa kanisani, anayeshinda ni anayemaliza kadi mkononi. Kuokota ni adhabu. Unaokota ukikosea, unaokota ukichapwa na kadi ya mbili, unaokota ukisahau kutangaza "niko kadi" kabla ya kumaliza. Kwa hiyo mwanamke wetu alikuwa amepewa tano na tatu, jumla nane, na amekataa katakata kuongeza. Akaketi na nane yake, ametulia kama bibi harusi.

"Mama, si uombe kadi moja tu," Amandeep akamwambia. "Hii unatafuta ishirini na moja. Nane itakupeleka wapi, bana?"

Phelista alisema hawezi kuomba adhabu kwa mdomo wake mwenyewe. Ilichukua siku nyingi kumtoa hapo. Amandeep alimfundisha kwa karata za kweli, juu ya meza ya kukatia vitambaa, mlango umefungwa ili akina mama wa kanisa wasione. Kingi, kwini na jeki, kila mmoja ni kumi. Esi ni moja au kumi na moja, upendavyo wewe. Ukipita ishirini na moja umeungua. Mgawaji anaonyesha kadi moja na kuficha moja, naye hana hiari: akiwa chini ya kumi na saba lazima aongeze, hata kama ataungua.

Hilo la mwisho ndilo lililomfungua Phelista macho. Alilirudia akiwa anapiga pasi. Kumbe mgawaji naye amefungwa kamba! Kumbe wakati mwingine kazi yako si kushindana naye, ni kutulia na kumwacha ajimalize. Na ile esi aliipenda kama mtoto. Alinieleza hesabu yake mara nyingi mno, kadi inayokubali kuwa ndogo ili usiungue, na mimi, ambaye sikuuliza, nikaanza kuona kwamba kweli kuna uzuri ndani yake. Mtu aliyebuni vitu hivi alikuwa na akili ya kuogopesha.

Alianza kudumu mezani. Saa kumi jioni, saa ambayo huko kwa Wekoye ni asubuhi, alikuwa akifunika cherehani na kuingia ndani. Alizunguka meza hadi meza akisoma majina. Vidonge vyake vikabaki, vikaongezeka. Stima ikipotea tulikaa gizani tukingoja, naye akihesabu kadi kwa vidole.

Na siku moja jina likatokea.

Sijui nilieleze vipi. Kiti kilichokuwa kitupu, pembeni mwa chake, kiliandikwa Kamukuywa. Herufi tu, ndogo kama punje za wimbi. Lakini sisi watatu tuliacha kupumua. Mtu huyo alikuwa ameketi mahali fulani upande wa pili wa dunia, amechoka na kazi, na kidole chake kilipogusa kitufe, kadi ilisogea hapa Kitale mbele ya macho ya dada yake. Nimeona mambo maishani mwangu, nimeona mlima Elgon ukiwa na barafu nyeupe asubuhi, lakini siku hiyo niliogopa kama niko kanisani.

Phelista akaandika haraka: Wekoye, ni mimi dada yako.

Kiti kikawa kitupu hapo hapo.

Hakurudi siku hiyo, wala iliyofuata, wala ile nyingine. Mimi nilikasirika, nikasema basi wazike huo mgomba na mimi nitasaidia kuchimba. Mtu anayemkimbia dada yake hivyo anataka nini? Phelista alilia, akafuta macho kwa mkono wa shati la mtoto wa watu. Ni Amandeep aliyesema neno la maana, na wala hakulisema kwa ukali. Alimwambia asimvute. Akija tena, aketi tu karibu naye, acheze.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka mashambani Wekoye aliporudi. Aliona jina la Nasambu, ambalo Phelista alilitumia mezani, kwenye kiti cha pili, na tulingoja aondoke. Hakuondoka. Phelista aliweka mikono yake pembeni mwa kitufe, akacheza kimya. Wakacheza hivyo jioni baada ya jioni, dada na kaka, bila neno. Na hapo ndipo nilipoelewa yale mafunzo yote yalikuwa ya nini. Angekuwa bado anang'ang'ania nane zake, angekuwa nje ya meza kabla kaka yake hajaketi vizuri. Sasa alikaa mpaka mwisho, kila siku, na Wekoye alimkuta pale kila siku.

Kisha mkono wa Phelista ukamponyoka. Alikuwa amepewa kingi na kwini, ishirini, na ile furaha ya jikoni ya zamani ikampanda. Vidole vikaandika vyenyewe: niko kadi.

Alishika mdomo. Tulijua amemfukuza tena. Yule wa Brazili akauliza maana yake nini. Ndipo maneno yakaja, polepole, kama mtu anayekumbuka lugha.

"Hii si ile ya nyumbani. Hapa hakuna niko kadi."

Halafu mengine: "Na jana ulikosea. Ukiwa na kumi na mbili, yeye anaonyesha sita, usiombe. Mwache aungue mwenyewe."

Phelista alisoma kwa sauti, akasoma tena. Aliniambia hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akimsema walipokuwa watoto, bila salamu, bila huruma. Alikuwa anacheka. Kisha akaandika alichokuwa amekibeba miezi yote: mama yuko hai, Desemba wanakuzika kwa mgomba, anataka sauti yako. Akaandika namba yake ya simu na siku yenyewe.

Jibu lilikuwa maneno mawili. "Wana haki." Na kiti kikawa kitupu, na tangu hapo hatukuliona tena lile jina.

Desemba ilifika. Nilimsindikiza Phelista hadi Kamukuywa, maana rafiki haachwi siku kama hiyo. Ukoo ulikuwa umejaa uani. Shimo lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba, la urefu wa mtu, na kando yake shina la mgomba limelazwa juu ya mkeka, limefungwa shuka nyeupe mpaka mahali palipopaswa kuwa shingo. Inatisha kuliko maiti, nawaambia. Mama Nasike alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha mbele, haangalii mtu. Phelista alikuwa ameshika simu mkononi tangu alfajiri.

Wanaume walipoinama kuliinua shina, simu ikalia. Namba ilikuwa ndefu, ya ajabu. Mukhwana, kama mkubwa wa ukoo, aliichukua kabla Phelista hajaifungua vizuri. Akaita haloo, akaita tena kwa nguvu, akangoja. Uso wake haukuwa mbaya. Nadhani naye alitaka kusikia. Lakini alitikisa kichwa, akasema hakuna mtu, ni upepo tu.

Mama Nasike akanyoosha mkono. Alipewa simu, akaibandika sikioni kwa mikono miwili, akafumba macho. Hakusema haloo. Alisikiliza tu, na watu wote pale uani wakamsikiliza akisikiliza.

"Ni yeye," akasema.

Mukhwana akamwambia kwa upole kwamba kimya si sauti, kimya ni cha kila mtu.

"Wewe hukumlea," mama akamjibu bila kufungua macho. "Alipokuwa akikosea utotoni, hivi ndivyo alivyokuwa akinyamaza. Anasimama nyuma ya mlango na kupumua."

Kisha akaigeukia simu, na sauti yake ikashuka ikawa ile ya mtu anayebembeleza mtoto mgongoni. "Nyamaza, baba. Nimekusikia."

Nilikuwa nimesimama karibu naye. Ndani ya kile kisimu kidogo, kutoka huko mbali kusikojulikana, nilimsikia mwanamume mzima akilia. Mukhwana naye alisikia, maana alichukua jembe na kuanza kurudisha udongo ndani ya shimo, likiwa tupu.