Afadhali Waseme Nimelewa

Mkwe wangu ni fundi wa kuezeka, na watu wamemwita Misumari mpaka hata mimi niliyemwoza binti yangu nimesahau jina lake la harusini. Anabana misumari mdomoni mpaka mashavu yanafura kama ya mtoto mwenye matumbwitumbwi, na akiwa juu anaitema mmoja mmoja, nyundo inaupokea kabla haujagusa bati. Njiwa wakitaka kutua kwenye paa analoezeka, husubiri kwanza aondoke. Anayebisha akawaulize njiwa.

Kitu ambacho hakutaka hata kukisikia ni pombe. Fundi akija kazini ananuka, Misumari anamwondolea ngazi mwenyewe. "Kalewe chini," anamwambia, "huko hakuna pa kuangukia."

Basi kichwa kikamsumbua, akaenda zahanati, akakutwa na presha. Nesi akampa vidonge vya aina mbili, kimoja cha kushusha presha, kingine cha kupunguza maji mwilini. Akamweleza: meza asubuhi, kunywa maji kama kawaida, ukiinuka inuka taratibu, ukiona kizunguzungu rudi. Mkwe wangu akabeba neno "asubuhi" tu, mengine akayaacha palepale kwenye benchi. Nyumbani hakusema. Fundi mwenye presha, nani atampa paa?

Kile kidonge cha maji kikaanza kazi naye yuko juu. Akashuka chooni, akapanda, akashuka tena, kama ndoo ya kisimani. Kijana wangu, ambaye ni shemeji yake na hufanya naye kazi, mdomo wake hauna kitasa. "Shemeji, vipi huko chini, umebandika maharage?" Mafundi wakacheka hadi mabati yakalia.

Misumari akaona bora aache maji. Hagusi kikombe mpaka arudi nyumbani, na jua lile juu ya bati jipya, kuku angetua pale angetaga yai la kukaanga. Hapo ndipo paa likaanza kumzunguka. Akichuchumaa, salama. Akiinuka tu, giza machoni na miguu kama ya kuazima. Shemeji yake akamwona anayumba, ameng'ang'ania mbao kwa mikono miwili.

"Shemeji, umekunywa?"

Angeweza kutikisa kichwa. Akatema misumari kiganjani, akatazama pembeni, akasema, "Kidogo tu." Mlevi kesho anaamka mzima, anapewa kazi. Mgonjwa anapewa pole. Ndivyo alivyojiambia.

Habari ikafika mtaani kabla yake. Walevi aliokuwa akiwafukuza wakamsubiri njiani. "Karibu nyumbani, ndugu yetu! Ulichelewa wapi?" Mmoja akamkumbatia kabisa, mbele ya watu. Akapita mabega yameshuka kama shati lililoanikwa bila vibanio. Nyumbani mkewe akamnusa, asikute harufu, akaamini anatafuna kitu cha kuificha. Akahamishia mto wake chumba cha watoto.

Siku moja wakaja kwangu wote wawili, wamenuniana, yeye amekuja kuziba paa la jiko langu lililokuwa likivuja. Nikatoka uani kumwona. Na mkwe wangu ana adabu, mama mkwe hamsalimii amechuchumaa. Akainuka ghafla. "Shikamoo ma..." Iliyobaki akaimalizia kwenye banda la kuku. Jiko langu ni fupi, Mungu ambariki aliyelijenga kwa uvivu.

Binti yangu akaja mbio. "Unalewa hadi kwa mama yangu! Huoni haya?"

"Sijalewa."

"Una nini basi?"

Akanitazama, akatazama manyoya magotini mwake. "Mama, naomba ugeuke kidogo."

Nikageuka. Masikio sikuyageuza. Akasema yote, presha, vidonge, ya chooni, ya kuacha maji, kwa sauti ya mtoto aliyelowesha godoro. Binti yangu akakaa palepale kwenye mavi ya kuku.

"Nimekunyima hata salamu. Ungeniambia mimi tu."

"Nikuambie wewe, kaka yako akose kujua?"

Binti yangu akamkung'uta manyoya, akamshika mkono, wakaondoka.

Zahanati wakampima, wakampunguzia dawa, wakamkataza ngazi mpaka apimwe tena. Maji akaamriwa anywe. Kesho yake akaenda mwenyewe kwa mama mmoja ambaye paa lake alikuwa hajalimaliza, akamweleza.

"Niliambiwa unalewa, nikavumilia, kwa sababu unaezeka vizuri," yule mama akasema. "Kumbe unaumwa na unanificha? Ungewaangukia wanangu wanapocheza?"

"Nimekosa, mama."

"Paa atamalizia shemeji yako. Wewe kata mabati hapa chini."

Akakata, kofia ameishusha mpaka puani. Wapita njia wakimuuliza leo vipi, anasema "presha," kimyakimya, kama mtu anayetaja jina la aliyemtorosha mkewe. Juu kule kijana wangu alikuwa anagonga, utani wote umemwishia. Akagonga msumari, akagonga mwingine.

"Huo umepinda," Misumari akasema, bila kuinua macho.

"Umeuonaje, shemeji?"

"Nimeusikia. Ung'oe."

Akaung'oa.