Kigari Cheupe Ndani ya Kilindo

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kati ya kijiji chetu na barabara ya Shelui, na ng'ombe wenyewe hawakusimama hata kidogo. Mama mkwe alinishika mabega, shemeji yangu alikuwa anachapa fimbo, na mimi nilikuwa nawatukana wote, ng'ombe wakiwemo. Tulipofika barabarani mtoto alikuwa ameshalia, amenyamaza, amelala. Dereva wa lori la kwanza kusimama alichungulia, akauliza sasa tunamsubiri nani. Tukageuza mkokoteni tukarudi nyumbani.

Naanza na hilo makusudi. Watu wa kijijini wakisimulia habari za kile kigari huanzia kwenye rangi, wanacheka, wananiita mama mkorofi. Ukorofi haukuanzia kwenye rangi. Ulianzia kwenye mkokoteni.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama madawati, na gari hatuna. Ikaja habari kwamba mkubwa wa wilaya atatutembelea. Halmashauri ya kijiji ikakaa kutwa nzima. Kumwomba gari waziwazi ilikuwa aibu, maana kila siku tuliimbiwa kujitegemea. Ndipo Mwenyekiti akatoa wazo, na wazo lilikuwa zuri, simnyimi haki yake. Akasema hatuombi, tunatoa. Tutampa mgeni gari dogo lililotengenezwa kwa mikono yetu, linang'aa, aliweke mezani ofisini kwake. Kila akilitazama atakumbuka kijiji kisicho na gari la kweli. Kwetu ndivyo watu wanavyoomba. Ukitaka maziwa kwa jirani husemi kitu, unamrudishia kibuyu chake kikiwa kimeoshwa vizuri.

Kazi ya bati ikaenda kwa mume wangu, fundi wa bodi na rangi kwenye gereji moja mjini Singida, ambaye nyumbani alikuja Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili. Alikata debe la mafuta, akalikunja, akalilehemu, akatoa kigari cha urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidole. Magurudumu aliyachonga kwenye soli ya kandambili. Nyuma aliweka boksi lililofungwa pande zote, kwa kuwa kingo za pembeni kama za lori zilimshinda kukunja. Kwa hiyo umbo lenyewe halikusema kitu. Kipake kijani, ni lori la mazao. Kipake nyeupe, ni gari la wagonjwa.

Mwenyekiti alitaka lori la kijani. Mimi nilitaka gari la wagonjwa. Niliambiwa mtama wa kijiji ni mali ya wote, uzazi ni mambo ya mtu na nyumba yake.

Na anayepaka nilikuwa mimi. Mwaka wa kwanza wa ndoa tuliishi chumba cha nyuma ya gereji, nami na cheti changu cha kidato cha nne sikuwa na la kufanya ila kutazama, na kutoka kutazama nikapewa msasa. Mume wangu mwenyewe hukubali kwamba mkono wangu ni mwepesi kuliko wake, ila hukubali tukiwa wawili tu. Basi nikapewa kopo la rangi ya mafuta ya kijani, masalio ya milango ya shule, nikapaka. Kwa hasira, lakini nilipaka vizuri. Sijui kupaka vibaya.

Kilikuwa hakijakauka vizuri Mwenyekiti alipokuja na chupa aliyoipata mjini, ile dawa isiyo na rangi ambayo mafundi huipaka juu ya rangi ili gari ling'ae, wanaiita klia. Akaja na wazee wawili kushuhudia, na brashi mpya. Nilinusa tu kizibo, nikajua.

"Ndugu Mwenyekiti, hiyo usiipake," nikamwambia. "Chini kuna rangi ya mafuta. Hiyo ni ya gereji, ina tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Itaitafuna."

"Rangi ni rangi," akasema. "Watu tumekataa ukabila, wewe unauleta kwenye makopo?"

Wazee wakacheka. Hata mimi nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma.

Akachovya, akapaka kwa madaha, mkono mmoja mgongoni. Kigari kiling'aa kama jicho la ndama. Akanigeukia anione ninavyoshindwa. Alipokuwa bado ananitazama mimi, kijani kikaanza kutembea. Kilijivuta, kikajikunja kama utando wa maziwa unapoguswa na kidole, kuanzia paa la kabini hadi nyuma ya boksi, mpaka kigari kizima kikawa goti la tembo.

Mama mkwe wangu alikuwa anapepeta mtama kando. Alinyoosha shingo, akatazama kwa muda.

"Kimezeeka kabla hakijatembea," akasema, akaendelea kupepeta.

Mwenyekiti alisema ni hujuma. Nikamuuliza ya nani, maana brashi ilikuwa mkononi mwake. Akaondoka na wazee wake, na tangu siku hiyo aliogopa kukisogelea kile kigari kama mtu aliyewahi kuumwa na mbwa wa nyumba ile. Woga huo ulitufaa sana.

Jumamosi ile mume wangu alikuja na rangi ya gereji kwenye kopo la maziwa. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kwa dereva wa lori kwamba kijani kimeharibika, alete nyeupe. Mwenyekiti hakuuliza rangi gani italetwa, nasi hatukumsumbua kwa majibu. Alileta pia klia ya ukoo uleule, na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, alichopewa na mke wa Mhindi mmoja mwenye duka ambaye gari lake alikuwa amelipaka. Rangi ya kucha nayo ni ya ukoo huo, ndugu wa tumbo moja na rangi ya gereji. Hao unaweza kuwalaza kitanda kimoja wasigombane.

Nilikwangua goti la tembo lote hadi bati likatoka. Nikapiga msasa, nikajaza puti kwenye mabonde, nikapiga msasa tena, huku mtoto mgongoni anacheza na kola yangu. Bunduki ya kupulizia rangi hatukuwa nayo, basi nilichukua bomba la dawa ya mbu, nikalisafisha kwa tina mpaka likaacha kunuka kifo.

Anayewajua watu wa Singida anajua tunaishi na upepo kama ndugu asiyeondoka. Ukipaka rangi saa nne asubuhi unapata mkate wa mchanga. Kwa hiyo nilikuwa namwacha mtoto kwa bibi yake kukipambazuka, kabla upepo haujaamka, naenda nyuma ya lile jiwe kubwa nje ya kijiji. Napuliza kidogo, nasubiri, napuliza tena. Ukiwa na pupa rangi inalia machozi, inashuka mashavuni. Hasira zangu zote nilizihamishia kwenye kusubiri, na nashangaa hadi leo kwamba zilitosha.

Ila kukausha ndani haikuwezekana. Dari letu lilimwaga udongo kila panya akipita. Nililalamika sana siku hiyo, nikisema natafuta hata sanduku. Mama mkwe aliingia ndani, akatoka anaviringisha kilindo chake, lile pipa la gome la mti la kuwekea nafaka, alilokuja nalo siku ya harusi yake. Alimwaga mtama wote kwenye mikeka, akapangusa ndani kwa kitambaa chenye unyevu.

"Mtama wangu utanuka gereji," akasema. "Weka."

"Mama, Mwenyekiti akijua ni cheupe?"

"Nani atafunua kilindo changu?"

Huyu ndiye aliyenishika mabega kwenye mkokoteni. Tangu siku ile hatukuwahi kuzungumzia safari ile, na hata hapo hatukuizungumzia.

Nikachora msalaba mwekundu kila upande kwa brashi ya kucha, kisha nikapuliza klia juu yake. Mbu mmoja alitua palepale karibu na kioo, akanasa. Nilitaka kulia. Mama mkwe akasema nimwache, huyo ndiye dereva. Nilimtoa kwa msasa wa maji siku klia ilipokauka, lakini mguu mmoja ulibaki chini ya mng'ao, na uko mpaka leo kama kigari hakikutupwa.

Kung'arisha nilifanya nimekaa mlangoni, mtoto ananyonya. Kwanza dawa ya meno kwenye kitambaa chenye maji, kuzungusha, kuzungusha. Mwisho nta ya nyuki iliyolainishwa juani. Na kitambaa? Kijiji kizima hakukuwa na kitambaa laini kuliko nepi za mwanangu, zilivyofuliwa mpaka zikachoka. Mwenyekiti akipita alituma salamu kwa mbali, akauliza lori linaendeleaje. Mama mkwe alimjibu kwamba linakauka, vumbi likiingia tutarudia kwenye goti la tembo. Hapo Mwenyekiti alikuwa anaongeza mwendo.

Siku ya mgeni tulibeba kilindo kikiwa na kifuniko chake mpaka uwanjani. Mwenyekiti alihutubia juu ya mazao, kisha akamkaribisha mgeni apokee zawadi ndogo, lori la wakulima. Mama mkwe akapiga magoti, akafunua, akakitoa.

Jua lilikipiga. Sijawahi kuona kitu kikiwa cheupe vile katika nchi ya vumbi. Watu waligunaguna. Mwenyekiti alibaki ameachama, na hotuba imebaki humohumo.

Mgeni alikigeuza taratibu, akapitisha kidole juu ya msalaba, akauliza, "Hili si gari la wagonjwa?"

Mwenyekiti alinitazama. Mimi nilimgeuzia mgeni mgongo ili amwone mtoto niliyembeba.

"Shikamoo mzee," nikasema nikiwa nimempa kisogo. "Huyu alizaliwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, njiani kwenda Shelui. Hilo ni la mdogo wake."

Akina mama walianza kucheka kwanza, kicheko kile cha chini, halafu mmoja akasema wa kwake alizaliwa kwenye baiskeli, mwingine akasema wa kwake kando ya kisima, na ikawa hakuna tena wa kuwanyamazisha. Mgeni aliitikia marahaba akiwa amechelewa. Alikishika kigari kwa mikono miwili hadi wakati wa kuondoka, na Mwenyekiti, kwa kuwa si mjinga, alisimama akasema ndivyo kijiji kilivyoamua.

Hakikuja kitu msimu ule. Hakikuja uliofuata. Mama mkwe alirudisha mtama kwenye kilindo na ugali ukanuka gereji kweli, tukaula hivyohivyo. Nilikuwa nimeshaanza kuwatukana watu wa wilaya kwa majina ya ng'ombe walipotuletea landrova moja ya kijivu, kuukuu, ya kushirikiana na vijiji viwili vya jirani, benchi moja nyuma na turubai lililoshonwa.

Uchungu wa mtoto wa pili ulinikamata wakati wa kuvuna. Mama mkwe alikaa nyuma na mimi, akanishika mabega palepale pa zamani. Nilipoinamia ubavu wa gari nikisubiri uchungu upite, niliona rangi yake kwa karibu. Ilikuwa imejikunja kuanzia kwenye bawaba mpaka chini, goti la tembo zima. Mtu fulani, katika kijiji fulani, alikuwa amepaka klia juu ya rangi ya mafuta.

Nilicheka mpaka dereva akapunguza mwendo, akauliza kama mgonjwa anapoteza akili.

"Endesha wewe," mama mkwe akamwambia. "Huyu yuko sawa."

Tukafika hospitali mtoto akiwa bado ndani.